Ahadi za Dubai na mizani ya gesi isiyoonekana

Kampuni 50 za mafuta na gesi zilitia saini hati ya pamoja mjini Dubai tarehe 2 Desemba 2023, zikiahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 zitakuwa zimekomesha karibu kabisa uvujaji wa gesi ya methani kutoka katika visima na mitambo yao ya uzalishaji. Ziliahidi pia kuacha, katika muda huohuo, desturi ya kuchoma gesi isiyohitajika kwenye minara ya moto. Zaidi ya nusu ya kampuni hizo ni mali ya mataifa, na kwa pamoja zilikuwa zikizalisha zaidi ya asilimia 40 ya mafuta yote duniani.

Hati hiyo ilitangazwa katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa, COP28, ambao mwenyeji wake alikuwa Muungano wa Falme za Kiarabu. Mwenyekiti wa mkutano, Dk. Sultan Al Jaber, alikuwa wakati huohuo mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi, ADNOC, na kofia hizo mbili zilikuwa zimezua mabishano miezi mingi kabla ya wajumbe kuwasili. Siku moja baada ya hati kutiwa saini, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema ahadi hizo hazitoshi, kwa kuwa hazigusi moshi unaotoka pale mafuta yenyewe yanapochomwa na wateja. Mashirika mengi ya kiraia nayo yalionya kwamba ahadi za hiari za aina hiyo zinawapa wazalishaji nafasi ya kuendelea na biashara kama kawaida.

Mabishano hayo yalikuwa na haki yake. Lakini yaliacha pembeni swali jepesi zaidi, ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Deira kununua bidhaa angeliuliza kabla ya kutoa fedha: mzigo huu unapimwa kwa mizani ya nani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba kila mwenye mzigo alijipimia mwenyewe, na mara nyingi bila ya kutumia mizani yoyote.

Hasara inayopaa hewani

Methani ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia inayotumika majumbani na katika mitambo ya umeme. Haina rangi wala harufu. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Kivu wanaifahamu kwa namna yao, kwani imejaa katika maji ya kina ya ziwa hilo, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa mwaka 2016 huivuna ili kuzalisha megawati 26 za umeme.

Ikitoka hewani bila kuungua, gesi hiyo hunasa joto kwa nguvu inayozidi ile ya hewa ya ukaa kwa zaidi ya mara 80 katika kipindi cha miaka 20. Wanasayansi wanakadiria kwamba imechangia takriban asilimia 30 ya ongezeko la ujoto duniani tangu enzi ya mapinduzi ya viwanda. Hata hivyo haidumu. Baada ya miaka 12 hivi sehemu kubwa yake huwa imevunjika, ilhali hewa ya ukaa hubaki angani kwa karne nyingi. Hiyo ndiyo sababu wataalamu wanasema hakuna hatua nyingine inayoweza kupunguza kasi ya ujoto ndani ya umri wa kizazi hiki kama kuziba mianya ya methani.

Mifugo, mashamba ya mpunga na majalala ya takataka navyo hutoa methani kwa wingi. Lakini ile ya mafuta, gesi na makaa ya mawe ina upekee wake: inatoka katika mabomba, matangi, migodi na visima vyenye wamiliki wanaojulikana. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kwamba mwaka 2023 sekta hiyo ya nishati za visukuku ilitoa karibu tani milioni 120 za methani, na kwamba takriban asilimia 40 ya kiasi hicho ingeweza kuzuiwa bila gharama halisi, maana gesi inayookolewa inauzika.

Ni nadra kusikia uchafuzi ambao kuuondoa kunamwingizia mchafuzi fedha. Na hapo panazuka swali la pili, kwa nini basi gesi hiyo inaachwa ivuje? Sehemu ya jibu ni kwamba katika maeneo mengi ya mafuta gesi inahesabiwa kama kero, na bomba la kuifikisha sokoni lina gharama kubwa kuliko thamani ya gesi yenyewe. Lakini sehemu nyingine, na pengine ndiyo kubwa, ni kwamba wenye visima hawakuwa wakijua kiasi kinachowapotea, na wala hakukuwa na aliyewalazimisha kujua.

Hesabu za mezani

Namna ambavyo takwimu rasmi zimekuwa zikitayarishwa ni jambo ambalo msomaji wa kawaida huenda asiliamini. Kampuni huhesabu vifaa ilivyonavyo, valvu ngapi, pampu ngapi, matangi mangapi, kisha huzidisha idadi hiyo kwa wastani fulani wa uvujaji wa kila kifaa. Baadhi ya wastani hizo zilitokana na uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 1990. Kazi yote inaweza kukamilika ofisini bila mtu yeyote kufika kisimani.

Tatizo ni kwamba uvujaji haufuati wastani. Uchunguzi wa aina mbalimbali umeonyesha kuwa sehemu ndogo sana ya mianya, kiasi cha asilimia 5, ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya gesi yote inayopotea. Mfuniko wa tangi ukiachwa wazi, mwenge wa mnara ukizimika usiku, valvu moja ikikwama: ajali ndogo za namna hiyo ndizo zinazobeba hasara kubwa, na hakuna kati yake inayoonekana katika jedwali la vifaa.

Mwaka 2018 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha hesabu hizo na vipimo vilivyochukuliwa kwa ndege na kwa vifaa vya ardhini katika maeneo ya mafuta na gesi ya Marekani. Matokeo yalikuwa kwamba methani iliyokuwa ikitoka ilizidi kwa asilimia 60 hivi makadirio ya Idara ya Mazingira ya nchi hiyo, tena hiyo ni nchi yenye wakaguzi wengi na maabara za kila namna. Miaka minne baadaye utafiti mwingine katika jarida hilohilo ulichunguza minara ya kuchomea gesi. Desturi ilikuwa kuchukulia kwamba mnara huteketeza asilimia 98 ya methani. Katika maeneo matatu makubwa ya Marekani ilibainika kwamba ukichanganya minara inayowaka vibaya na ile iliyozimika kabisa, kinachoteketezwa ni takriban asilimia 91. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini maana yake ni kwamba gesi inayoponyoka bila kuungua ni zaidi ya mara nne ya iliyokuwa ikiandikwa.

Kwa upande wake IEA ilitangaza Februari 2022 kwamba methani inayotoka katika sekta ya nishati duniani inazidi kwa kiasi cha asilimia 70 ile ambayo serikali zimeiripoti rasmi. Wenyeji wa COP28 nao hawakusalimika. Miezi michache kabla ya mkutano, gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba Falme za Kiarabu zilikuwa hazijawasilisha takwimu zake za methani kwa Umoja wa Mataifa kwa karibu miaka kumi.

Kampuni inayojipimia kwa mtindo huu inaweza kutimiza ahadi yake pasipo kuziba hata mwanya mmoja. Ikibadili wastani inaoutumia, au ikitaja vifaa vipya vinavyosemekana kuvuja kidogo, takwimu hushuka palepale. Hewa ya angani haijui kwamba jedwali limerekebishwa. Kuanzia hapo mtu anaweza kuona ni kwa nini baadhi ya waliokuwapo Dubai walitumia nguvu kidogo katika kujadili maneno ya hati, na nguvu nyingi zaidi katika kutafuta fedha na mipango ya upimaji.

Macho ya angani

Mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya Canada iitwayo GHGSat, iliyokuwa imerusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 2016, ilikuwa ikichunguza volkeno ya matope magharibi mwa Turkmenistan. Katika picha zilizorudi, pembeni mwa kile kilichokuwa kikitafutwa, kulionekana wingu kubwa la methani likitoka katika mitambo ya eneo la gesi la Korpezhe. Hakuna aliyekuwa ameripoti lolote. Tukio hilo la bahati tu liliwafumbua macho wengi, kwani liliwathibitishia kwamba mwanya mmoja wa kiwandani unaweza kuonekana kutoka angani, jina la kiwanda na tarehe vikajulikana.

Tangu wakati huo idadi ya macho hayo imeongezeka. Setilaiti ya Ulaya, Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, huizunguka dunia nzima kila siku na kuonyesha maeneo yenye methani nyingi, kisha nyingine zenye uwezo wa kuona kwa karibu huelekezwa hapo. Kifaa cha shirika la anga la Marekani, NASA, kiitwacho EMIT kilifungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga mwaka 2022.

Umoja wa Mataifa umejaribu kuyaunganisha macho hayo chini ya Shirika lake la Mazingira, UNEP, lenye makao makuu Gigiri, Nairobi. Mwaka 2021 shirika hilo lilianzisha kituo cha kimataifa cha kufuatilia methani, IMEO, na mwaka uliofuata, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh nchini Misri, likatangaza mfumo wa tahadhari unaojulikana kwa kifupi kama MARS. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza: setilaiti inaona wingu la gesi, wataalamu wanathibitisha mahali linapotoka, serikali husika na kampuni wanapelekewa taarifa, na baada ya muda takwimu zinawekwa hadharani.

UNEP ina pia mpango wa hiari wa kampuni zenyewe, OGMP 2.0, ambao kufikia mwaka 2024 ulikuwa na wanachama zaidi ya 140. Mpango huo una ngazi tano za kuripoti. Ngazi za chini zinakubali makadirio ya jumla. Ya juu kabisa inamtaka mwenye mitambo apime kila chanzo, kisha apime eneo zima kwa ndege au vifaa vingine, na aeleze ni kwa nini hesabu hizo mbili hazilingani. Hakuna sharti katika biashara hii linaloumiza kichwa kama hilo la mwisho, na ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu pengo kati ya hesabu mbili ndipo panapojificha mfuniko wa tangi ulioachwa wazi.

Mjini Dubai mambo kadhaa yaliongezwa juu ya msingi huo. Serikali na wafadhili walitangaza zaidi ya dola bilioni 1 za misaada mipya kwa ajili ya kupunguza methani. Benki ya Dunia ilipata dola milioni 255 kwa mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoendelea kupunguza uchomaji na uvujaji wa gesi. Taasisi ya Bloomberg Philanthropies iliahidi kuzifadhili IEA, UNEP na mashirika mengine mawili ili yafuatilie kama waliotia saini wanatimiza walichosema. Na Turkmenistan, nchi ileile ya Korpezhe, ilijiunga na Ahadi ya Dunia ya Methani, mpango wa hiari uliozinduliwa mwaka 2021 mjini Glasgow, ambao wanachama wake zaidi ya 150 wanakusudia kupunguza kwa pamoja asilimia 30 ya methani ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango cha mwaka 2020.

Tahadhari zisizojibiwa

Mwaka mmoja baada ya Dubai, mkutano wa COP29 ukiwa unafanyika mjini Baku, UNEP ilitoa hesabu ya tahadhari zake. Katika muda wa miaka miwili ilikuwa imetuma zaidi ya tahadhari 1,200 za uvujaji mkubwa kwa serikali na kampuni. Majibu ya maana yaliyopokelewa yalikuwa 15.

Idadi hiyo ndogo inaeleza zaidi ya hotuba zote za Dubai. Kabla ya hapo kisingizio kilikuwa kwamba gesi haionekani. Sasa mwenye mtambo anapelekewa picha yenye tarehe na ramani, na bado yuko kimya. Oktoba 2025 shirika hilo lilieleza kwamba kiwango cha majibu kimepanda kutoka asilimia 1 hadi 12. Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini maana yake pia ni kwamba karibu tahadhari 9 kati ya kila 10 zinaishia kwenye meza ya mtu.

Pale ambapo mtu alijibu, matokeo yalikuwa ya haraka kupita matarajio. Nchini Algeria, katika eneo la mafuta la Hassi Messaoud, kulikuwa na uvujaji ambao picha za zamani za setilaiti zilionyesha ulikuwapo tangu angalau mwaka 1999. Ulizibwa Oktoba 2024 baada ya wataalamu wa IMEO kuwasiliana na wenyeji. Robo karne ya hasara ilimalizwa kwa matengenezo. Nchini Nigeria uvujaji uliokuwa umeendelea kwa miezi ulikomeshwa katika muda usiozidi wiki mbili baada ya serikali kuarifiwa; kilichohitajika ni kubadilisha kifaa kibovu.

Kwa nini basi wengine hawajibu? Katika nchi nyingi hakuna ofisa aliyeteuliwa kupokea tahadhari hizo, na barua inayofika wizara ya mazingira haifiki wizara ya mafuta. Baadhi ya kampuni za taifa huogopa kwamba kukiri mwanya mmoja ni kufungua mlango wa kudaiwa mingine. Zipo pia serikali zinazoziona setilaiti za mataifa tajiri kama jicho la jirani mpelelezi, na ingawa hisia hiyo inaeleweka, methani haipungui kwa sababu aliyeiona ni mgeni.

Macho yenyewe nayo si ya kudumu. MethaneSAT, setilaiti iliyofadhiliwa na shirika la mazingira la Marekani, EDF, na kurushwa Machi 2024, ilipoteza mawasiliano na dunia Juni 2025, baada ya mwaka mmoja na kidogo tu wa kazi. Mjini Washington nako upepo umegeuka. Mkuu wa Idara ya Mazingira wa wakati huo, Michael Regan, alikwenda Dubai kutangaza kanuni kali za methani kwa wachimbaji wa Marekani. Tangu mwaka 2025 serikali ya Rais Donald Trump imekuwa ikizilegeza kanuni hizo, na ada ambayo wachafuzi wakubwa wangetozwa imesukumwa mbele hadi mwaka 2034.

Kutoka Hoima hadi Lindi

Afrika Mashariki inaweza kuyatazama yote haya kama ugomvi wa wakubwa. Methani nyingi inayohesabiwa katika ripoti za nchi za ukanda huu hutokana na mifugo kama ng'ombe na mbuzi, na mchango wake katika uchafuzi wa mafuta na gesi umekuwa mdogo mno ukilinganishwa na ule wa Marekani, Urusi au Ghuba. Serikali za kanda hii zimelisema hilo mara nyingi, na ni kweli.

Lakini hali inabadilika. Nchini Uganda, kandokando ya Ziwa Albert, mradi wa Tilenga unaoendeshwa na TotalEnergies ya Ufaransa una visima zaidi ya 400 katika mpango wake, baadhi vikiwa ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, na kusini yake CNOOC ya China inaendesha mradi wa Kingfisher. Mafuta yao yatasafirishwa kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Uzalishaji uliokuwa umepangwa kuanza mwaka 2025 ulisogezwa hadi 2026. Tanzania imekuwa ikitumia gesi ya Songo Songo tangu 2004 na ile ya Mnazi Bay baadaye, na ina hazina inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari kuu. Mazungumzo juu ya mtambo wa kusindika gesi hiyo mkoani Lindi, unaotajwa kugharimu dola bilioni 42, yamechukua miaka mingi.

Dubai yenyewe imo katika hesabu hii kwa njia nyingine. Machi 2025 Uganda ilitia saini makubaliano na kampuni ya Alpha MBM Investments ya Dubai kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta mkoani Hoima, chenye uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku, kampuni hiyo ikichukua asilimia 60 ya hisa na kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda asilimia 40. Naye Patrick Pouyanné, mkuu wa TotalEnergies, alikuwa mmoja wa vinara wa hati ya Dubai. Kwa hiyo ahadi iliyotolewa katika kumbi za Expo City inapaswa kuonekana, kama inaonekana mahali popote, katika visima vya Buliisa.

Hapa kanda ina nafasi ambayo Algeria na Turkmenistan hazikuwa nayo, nayo ni kuanza na mizani kabla ya mzigo. Kufunga vipimo katika mtambo unaojengwa ni rahisi kuliko kuvitafutia nafasi katika mtambo wa miaka 40. Wenye mradi wa Tilenga wanasema gesi inayotoka pamoja na mafuta itatumika kuendeshea mitambo na kutengenezea gesi ya kupikia, badala ya kuchomwa. Mpango ni mzuri. Ila mpango na kipimo ni vitu viwili, na mamlaka ya petroli yenye ofisi zake Entebbe ndiyo itakayotakiwa kuvitofautisha.

Wala setilaiti haziwezi kufanya kazi hiyo peke yake katika mazingira haya. Mawingu ya ikweta huziba macho yao kwa sehemu kubwa ya mwaka. Juu ya bahari, ambako ndiko iliko gesi nyingi ya Tanzania, mwanga huakisiwa kwa namna inayofanya methani iwe vigumu kuonekana. Aidha, huona zaidi mawingu makubwa ya gesi, si mivujo midogo ya kila siku. Na kuna jambo la pekee la bonde la Nile: ardhi oevu ya Sudd nchini Sudan Kusini ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya asili vya methani barani Afrika, na visima vya mafuta vya nchi hiyo viko jirani nayo. Kutenganisha gesi ya matete yanayooza na ile ya bomba linalovuja kunahitaji ndege, vifaa vya ardhini na wataalamu wanaoyafahamu mazingira hayo. Swali hilohilo litazuka katika maeneo oevu ya delta ya Nile ya Victoria, karibu na Murchison.

Nchi isiyo na wataalamu wake wa kupima itapewa takwimu na wengine. Inaweza kupewa iliyo ndogo mno na mwekezaji, au iliyo kubwa mno na anayekadiria kutoka mbali, na haitakuwa na namna ya kuikataa mojawapo.

Hoja ya nishati safi

Lipo jambo jingine linaloigusa Tanzania kwa karibu. Katika mkutano huohuo wa Dubai, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika kupata nishati safi ya kupikia. Hoja ya serikali yake, inayoungwa mkono na majirani wengi, ni kwamba gesi itaokoa misitu inayoteketea kwa mkaa na mapafu ya akina mama wanaopikia kuni, na kwamba Afrika haiwezi kuambiwa iache gesi yake ardhini na mataifa yaliyotajirika kwa gesi.

Ni hoja nzito. Inasimama, hata hivyo, juu ya dhana kwamba gesi inamfikia mpishi bila kupotea njiani. Katika kulinganisha gesi na makaa ya mawe kwa kuzalisha umeme, watafiti wa Marekani walikadiria kwamba faida ya gesi kwa hali ya hewa hutoweka kwa muda wa miongo ya kwanza iwapo zaidi ya asilimia 3 hivi inavuja kati ya kisima na mtambo. Mkaa wa Morogoro si makaa ya mawe, na hesabu yake ni tofauti kwa kuwa inahusu misitu na afya pia. Lakini mjumbe wa Tanzania au Msumbiji atakayeulizwa asilimia inayovuja katika mabomba yake atakuwa na nguvu zaidi akiwa na kipimo mkononi kuliko akiwa na hotuba.

Na ataulizwa. Sheria ya methani ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 4 Agosti 2024. Inawataka waagizaji wa mafuta ghafi, gesi na makaa ya mawe waonyeshe, kuanzia Januari 2027, kwamba bidhaa zinazoingia kwa mikataba mipya au iliyohuishwa zimetoka kwa wazalishaji wanaopima na kuripoti kwa kiwango kinacholingana na cha Ulaya. Ngazi ya juu ya mpango wa OGMP inatambuliwa kama njia mojawapo ya kutimiza sharti hilo. Baadaye itawekwa pia mipaka ya kiasi cha methani kwa kila kipimo cha bidhaa. Wauzaji wakubwa wa gesi, Marekani ikiwa mstari wa mbele, wamekuwa wakishinikiza sheria hiyo ilegezwe, na huenda baadhi ya tarehe zikasogezwa. Wapo watakaosema hiki ni kikwazo kingine cha kibiashara kilichovalishwa nguo ya mazingira, na historia inawapa sababu ya kushuku. Hata hivyo kwa mzalishaji anayeanza upya, gharama ya kutimiza sharti hilo ni ndogo kuliko ile inayomkabili mwenye mitambo mikongwe, na hapo pana faida ya ushindani ambayo wapatanishi wa Lindi wangeweza kuitumia mezani.

Mikataba ya kuuza gesi ya Lindi nje ya nchi bado haijatiwa saini; yoyote itakayofungwa na mnunuzi wa Ulaya itaingia moja kwa moja chini ya masharti hayo. UNEP, kutoka Gigiri, imekuwa ikiziomba serikali zenye mafuta na gesi ziteue ofisa mmoja mwenye jina, simu na mamlaka ya kutuma fundi kisimani, ili tahadhari ya setilaiti ipate mtu wa kuipokea siku hiyohiyo. Gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja.